Dhamana ya Ziada ya Mama Zadock

Muhuru Bay nzima, kuanzia wanakoanika omena, dagaa wetu wa ziwani, mpaka kwenye mpaka wa Tanzania, hakuna mtu anayejua kutunza chombo kunishinda mimi, Beverlyne. Si dereva, si fundi, si mwenye chombo mwenyewe. Asiyeamini na aje aitazame tuktuk yetu Jumapili jioni. Ila aje na miwani ya jua, asije akanilaumu macho yakimuuma.

Tuktuk yenyewe ni ya mizigo. Ina kiti cha dereva mbele na sanduku la chuma nyuma, na Mama aliinunua Migori karibu mwaka mmoja uliopita, baada ya kuuza omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, tangu mimi sijazaliwa. Mama alitaka iandikwe nyuma "Mungu ni Mwema." Kaka yangu Zadock, ambaye ndiye dereva, akaipeleka kwa mchoraji, na iliporudi ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: MTAONGEA MCHOKE. Mama alinuna siku nzima, lakini rangi ilikuwa imekwisha kukauka.

Siku zetu huenda hivi. Asubuhi Mama huwa ufukweni na wanawake wenzake, wakitandaza omena juu ya nyavu na kufukuza kuku wa jirani. Zadock hupakia magunia ya omena iliyokauka na kuondoka kwenda Migori. Mimi huenda shule nikiwa na harufu ya omena na majibu ya maswali ambayo mwalimu hajauliza. Jumamosi ni Sabato, kwa hivyo tuktuk hupumzika nasi huenda kanisani. Jumapili Zadock hurudi kutoka sokoni mchana, huiegesha tuktuk karibu na ziwa, na kukimbilia uwanja wa mpira. Kuanzia hapo, chombo ni changu. Kazi yangu ni kukiosha.

Sasa, kwetu pana desturi moja. Watu hawaoshi chombo kwa ndoo. Pikipiki, tuktuk, hata gari la mwalimu mkuu, vyote huingizwa ziwani mpaka maji yafike kwenye ekseli, kisha mwenyewe hukunja suruali na kusugua. Ziwa lipo, maji ni bure, ndoo ya nini?

Mama aliikataa desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Muuzaji alikuwa amemwonya kwamba tuktuk isiingie majini, naye alipofika nyumbani akaniita kando.

"Beverlyne, hii ni ya ndoo na kitambaa. Ziwani haiendi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na kweli nilisikia. Masikio yangu hayajawahi kuwa na shida yoyote.

Mwezi wa nne, Mama alipigiwa simu na Magige, yule muuzaji wa Migori. Alisema waranti ya tuktuk yetu inakaribia kuisha. Waranti, kwa ambaye hajui, ni dhamana, yaani ahadi ya muuzaji: kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda, yeye hukitengeneza bila malipo. Magige alitaka Mama anunue dhamana ya ziada, ili ahadi hiyo iendelee miaka mingine miwili.

Jioni hiyo tulikula kuon, yaani ugali, na mboga, tukajadiliana kama wabunge.

"Nimeweka kando akiba yangu ya chama cha wanawake," Mama alisema. "Nafikiri nitainunua. Tuktuk hii ikilala, sisi sote tumelala. Omena haiwezi kutembea yenyewe mpaka Migori."

"Inunue, Mama," Zadock akadakia. "Siku hizi nyuma kunalia. Ngrrr, ngrrr, kama mtu anayesaga mahindi kwa meno."

"Inalia kwa sababu unaiendesha kama mtu anayefukuzwa na kiboko," nikasema.

"Wewe nyamaza. Umewahi kuiendesha?"

"Mimi ndiye ninayeitunza. Mama, usinunue kitu. Dhamana ya ziada ni ya watu wasiojua kutunza vyombo vyao. Ya nini na mimi nipo? Mimi ndiye dhamana yenu, na sina tarehe ya kuisha."

Mama alicheka mpaka akarudisha tonge sahanini. "Haya, Bi Dhamana. Twende Migori sote. Kwanza waangalie huo mlio kabla muda haujaisha. Halafu huyo Magige atanieleza mwenyewe hiyo ahadi yake ni ya nini."

Tulikuwa likizo, kwa hivyo nilienda. Nilikaa nyuma juu ya magunia kama malkia, na kila tulipomkuta mtoto barabarani nilimpungia mkono.

Magige alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa tai fupi, fupi kiasi kwamba ilionekana kama imeogopa kushuka. Alitupokea kwa tabasamu, akamwita fundi wao, Chrispine, aipeleke tuktuk yetu uani na kuifungua nyuma. Sisi akatuketisha dukani, katikati ya tuktuk mpya zilizofungwa nailoni. Kulikuwa na wateja wengine watatu wanne wakipapasa viti na kupiga honi.

"Mama yangu," Magige alianza, "dhamana ya ziada ni amani. Unalala, unaamka, huna wasiwasi. Injini, tumefunika. Giaboksi, tumefunika. Difu, tumefunika."

"Difu ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni lile tufe la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, binti. Ndani mna meno yanayozungusha magurudumu."

"Sawa," Mama akasema. "Umenieleza mnachofunika. Sasa nieleze msichofunika."

Magige akakohoa kidogo. "Ni vitu vidogo vidogo tu, Mama."

"Nitajie hivyo vidogo."

"Matairi. Breki. Betri."

"Endelea."

"Mzigo uliopita kiasi. Vyuma vilivyoongezwa na wachomeleaji wa mtaani. Na, eh, maji."

"Maji yapi?"

"Yakiingia kwenye injini au difu."

Mama alinitazama, akamtazama Zadock, akamrudia Magige. "Ndugu yangu, mimi natoka Muhuru Bay. Kwetu tuktuk huuawa na mzigo, mchomeleaji na maji. Umefunika kila ugonjwa isipokuwa ule unaoua."

Wateja wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, na nikaongeza, "Hata tai yake haijamfunika!" Mama alinifinya paja, lakini nilimwona akibana midomo asicheke.

Magige hakukasirika. "Mama, kwani wewe unaiingiza tuktuk yako ziwani?"

"Haijawahi kuguswa na ziwa. Hata siku moja."

"Basi huna haja ya kuogopa hilo neno maji. Huo mlio wenu, kama ni wa kiwandani, leo leo tunautengeneza bure. Ngoja Chrispine."

Chrispine alitokea mlangoni wakati huo huo, akiwa ameshika kopo. Aliliweka kopo juu ya meza, nasi sote tukainama kutazama. Oili hujulikana kwa weusi au unjano wake. Hii ilikuwa nyeupe na nzito, kama chai ya maziwa iliyolala.

"Hii imetoka kwenye difu," Chrispine akasema. "Imejaa maji. Beringi zimeanza kuliwa. Chombo kikitoka safari kikiwa moto, kisha kikatumbukizwa kwenye maji baridi, difu huyavuta ndani kupitia kile kitundu cha kupumulia."

Hapo ndipo nilipogeuka na kuanza kusoma bei za tuktuk mpya.

Kwa sababu, msomaji wangu, nadhani ni wakati wa kukuambia jambo dogo kuhusu Jumapili. Ndoo ni nzito. Kutoka tuktuk inapoegeshwa mpaka ziwani ni mteremko, na mteremko ule ule ukigeuzwa ni mlima. Lakini ukiiachia tuktuk breki, inashuka yenyewe kwa hiari yake. Rafiki yangu Elvis hushika usukani, mimi husukuma kidogo, na baada ya muda mfupi tuktuk inaoga kama mtu mzima. Kuitoa tunasukuma sote, pamoja na mtoto yeyote anayepita. Ni kazi nzuri kabisa. Inang'aa. Na Mama, wakati huo, huwa upande wa pili wa ufuko, ameziinamia omena zake.

"Maji?" Mama alisema polepole. "Maji yametoka wapi?"

"Labda dereva alivuka mto," Chrispine akasema.

Macho yote yakamgeukia Zadock.

"Mimi?" Zadock akasimama. "Mto upi? Mama, mimi napita barabarani tu!"

"Zadock." Sauti ya Mama ilikuwa imeshuka, na sauti yake ikishuka ni hatari kuliko ikipanda. "Kama umepita na chombo hiki majini, ufunguo utaurudisha leo, na utafute kazi nyingine."

"Naapa, Mama!"

"Usiape. Niambie."

Ningeweza kusema ukweli hapo hapo. Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini wateja walikuwa wananitazama, Magige na tai yake walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa nimeshawachekesha watu. Nani anataka kushuka jukwaani kwa aibu?

"Ni mvua!" nikasema.

"Mvua ipi?" Mama akauliza.

"Ile ya usiku, ya wiki ile. Maji yalijaa uani kwetu, Mama, wewe ulikuwa umekwenda ufukweni mapema. Zadock alikuwa amelala kama gunia. Niliona kwa macho yangu. Yalifika kwenye ekseli. Yalipita ekseli! Bata wa jirani alikuwa anaogelea chini ya kiti cha dereva."

Sijui yule bata alitoka wapi. Uongo ni kama mgeni, ukimkaribisha mmoja anakuja na ndugu zake.

Chrispine alikuna kichwa. Zadock alinitazama kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa anazama. Na Mama, Mama yangu, aliniamini. Alivuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya duka, akaketi, akafunga leso yake kiunoni.

"Umesikia, Bwana Magige? Ni mvua. Sikuiita mimi mvua hiyo. Tuktuk ilikuwa imeegeshwa nyumbani kwangu kama mlivyosema iegeshwe. Mtatengeneza bila malipo, na sitoki hapa mpaka mtengeneze."

"Mama, mimi naweza kuamini mvua. Mkubwa wangu ndiye hataamini." Magige akapunguza sauti. "Lakini ukinunua dhamana ya ziada leo, naweza kumsemesha vizuri. Tutasema hatukuyaona hayo maji."

"Ati nini?" Mama akapaza sauti ili duka zima lisikie. "Ukweli wangu una bei? Kama ni mvua, ni mvua nikinunua na ni mvua nisiponunua! Mimi sinunui ahadi ya mtu aliye tayari kudanganya mkubwa wake. Leo unamdanganya yeye kwa ajili yangu, kesho utanidanganya mimi kwa ajili yake. Dhamana yangu ni neno la mtoto wangu, na hilo sikulinunua dukani. Nipigie huyo mkubwa. Nakaa!"

"Kaa, mama, kaa!" wateja wakamshangilia. Mmoja akampigia honi.

Magige alifuta jasho kwa ile tai yake. Nawe ungedhani ningekuwa na furaha, kwa kuwa tulikuwa tunashinda. Lakini kila Mama alipotaja neno la mtoto wake, mimi nilizidi kuwa mdogo ndani ya viatu vyangu.

Mlangoni pakatokea mwanamke mnene mwenye kikapu kichwani. Nilimjua mara moja. Alikuwa Emmah, mnunuzi wa omena kutoka Homa Bay, ambaye huja kwetu kila Jumapili kununua mzigo.

"Yawa, Mama Zadock!" aliita. "Napita zangu nikaona Mtaongea Mchoke iko uani imevuliwa viatu. Nikasema siwezi kupita bila kutoa pole. Imepatwa na nini?"

"Maji ya mvua, dada yangu," Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Na hawa hawataki kutengeneza."

"Maskini! Na vile inavyotunzwa!" Emmah akashusha kikapu na kunipiga begani kwa upendo. "Huyu nyako wako, binti huyu, Mama Zadock, Mungu amzidishie. Kila Jumapili nikija namwona. Tuktuk haijapoa hata kidogo, yeye na mwenzake wameshaisukuma ndani ya ziwa. Maji yanafika huku, anasugua, anaimba! Hata wangu nimewaambia, mwigeni Beverlyne, mtoto haogopi kazi."

Duka zima likanigeukia.

"Si ndani kabisa," nikasema. "Ni pembeni pembeni tu."

Mteja mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Emmah akashika mdomo. "Kwani nimesema nini?"

Mama alisimama kutoka kwenye kile kiti alichokuwa ameapa hatakiacha, akakirudisha mahali pake ukutani. Kisha akamwendea Magige na kunyoosha mkono.

"Bwana Magige, nimekupigia kelele mbele ya wateja wako kwa jambo ambalo si kweli. Naomba unisamehe."

Magige aliupokea mkono.

"Fundi," Mama akaendelea, "difu inaweza kupona?"

"Inaweza, Mama. Tukisafisha, tukabadilisha beringi na oili, itapona. Mngechelewa kidogo meno yangekatika."

"Basi tengeneza. Nitalipa kwa ile akiba."

"Na dhamana ya ziada, Mama?" Magige akauliza kwa adabu, maana muuzaji ni muuzaji.

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Ningekuwa nayo leo ingenisaidia nini? Inafunika makosa ya kiwanda. Kosa hili limetengenezwa nyumbani kwangu. Anayeendesha mjini na kuosha kwa ndoo, muuzie, labda itamfaa. Mimi nitabaki na ndoo yangu."

Tulingoja nje kwenye kivuli cha ukuta wakati Chrispine akifanya kazi. Zadock alikaa mbali nami. Nilijaribu mzaha kuhusu bata, lakini haukumchekesha mtu, hata mimi.

"Beverlyne," Mama akasema mwishowe, "najua ndoo ni nzito. Ungeniambia, ningekutafutia mwenzako wa kubeba, au ningemnyima Zadock mpira wake akusaidie. Tuktuk imeharibika, fundi yupo ndani anaitengeneza. Lakini mimi niliketi kwenye kile kiti nikalitetea neno lako, na nilikuwa tayari kumnyang'anya kaka yako kazi. Neno likiharibika halina duka la vipuri. Utalitengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, na watu watakuwa wanakutazama."

"Nisamehe, Mama. Zadock, nisamehe."

"Nyuma ya goli la timu yangu wiki ijayo, ni wewe utakayeokota mipira," Zadock akanung'unika. Kwa Zadock, hiyo ndiyo nimekusamehe.

Kisha Mama akamgeukia Emmah, ambaye bado alikuwa anajilaumu. "Dada, wewe huja kwetu kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, Mungu akipenda."

"Na unakaa ufukweni?"

"Mpaka jioni."

"Basi nimepata dhamana yangu ya ziada, na hainigharimu kitu. Ukimwona huyu karibu na maji na tuktuk yangu, piga kelele."

Emmah alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Mimi na kelele? Umempata mwenyewe!"

Tulirudi Muhuru Bay jioni, na nyuma hakukuwa na ngrrr wala chochote. Jumapili iliyofuata nilichukua ndoo. Nilipanda ule mlima na kuushuka, nikamwaga nusu ya maji miguuni mwangu, nikapanda tena. Elvis alikaa juu ya jiwe akinishauri. Mikono iliniuma, lakini nilisema moyoni kwamba sitashindwa na ndoo, mimi Beverlyne, ambaye Muhuru Bay nzima hakuna anayejua kutunza chombo kunishinda.

Ila nilifikiri jambo moja. Mama alisema tuktuk isiingie ziwani. Hakusema isisogee. Mtu akiiachia breki kidogo tu, ishuke hatua chache, isimame pembeni mwa maji, si ndani, pembeni, hapo hajavunja amri, amefupisha tu safari ya ndoo. Nilitazama kushoto. Nilitazama kulia. Mama alikuwa ameinama mbali kwenye nyavu zake. Zadock alikuwa uwanjani. Nikanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye breki.

"Beverlyne!" sauti ikapasuka kutoka nyuma ya magunia ya omena, na ufuko mzima ukageuka kunitazama. "Nakuonaaa!"